Nani Alifungia Mkasi Wangu

Hivi ushawahi kufika kazini ukakuta mkasi wako umefungiwa kabatini kama bunduki?

Mimi yamenikuta.

Mimi ni msusi na mkata nywele. Saluni yetu ina wanawake wanne na maneno ya kutosha mtaa mzima. Joto la draya pale si mchezo, lakini mimi navaa mikono mirefu mwaka mzima. Wakanibatiza Sista Sweta. Nacheka nao, yanaisha.

Ukweli ni kwamba mikono yangu ina makovu. Nilikuwa najiumiza mwenyewe, enzi hizo dunia imenielemea. Nikatibiwa, nikapona, makovu yakabaki.

Pale kazini aliyejua ni mmoja tu, muosha nywele, tunamwita Mama Povu. Kuosha vichwa lazima ukunje nguo. Siku aliyoniona nimekunja hakuuliza kitu. Alinisukuma tu kwa kiuno.

"Toka hapo, shoga. Mimi nakuoshea wateja wako, wewe nikatie wangu."

Tukaenda hivyo.

Sasa asubuhi hiyo natafuta mkasi, hola. Kila mtu kainamia simu yake. Madam, mwenye saluni, akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, mkasi nimeufungia kabatini. Kapumzike nyumbani kwanza. Hayo mambo yako yakikupanda na shingo ya mteja iko mikononi mwako, mimi nitajibu nini?"

"Mambo gani, Madam?"

Akaitazama mikono yangu.

Weee! Nilichemka. Moja kwa moja kwenye beseni, nikamporomoshea Mama Povu matusi yote ninayoyajua, mteja wake kafumba macho na shampuu usoni.

Mama Povu machozi yanamtoka, hata kuyafuta hawezi, mikono imejaa povu.

"Sijasema mimi," akanijibu. "Muulize Madam nani kampigia simu."

Nikarudi kwa Madam. Hakuzunguka.

"Dada yako."

Dada yangu! Tumbo moja! Yule yule aliyenipeleka hospitali, akalala chumbani kwangu miezi na miezi akinilinda.

Nikampigia pale pale.

"Usinipandishie sauti," akaniambia. "Mama mkwe na mawifi wanakuja kutengenezwa hapo kwenu wiki ya harusi yangu. Wakikuona hiyo mikono? Si watasema ukoo wetu una wazimu? Nilimwambia Madam akupe likizo tu, kimya kimya."

"Kimya kimya, dada? Ukaipeleka siri saluni?"

Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema. Makovu haya yeye aliyafunga bendeji yakiwa bado vidonda, na leo ndiye anayeyaonea haya.

Kisha eti akalainisha sauti.

"Lakini siku yangu utanisuka wewe, si ndiyo? Hakuna anayekijua kichwa changu kama wewe. Uje nyumbani mapema, kabla wakwe hawajafika."

"Tafuta mtu mwenye akili timamu," nikamwambia, nikakata simu.

Mama Povu nimemwangukia, kanisamehe. Madam kanirudishia mkasi. Harusi imepita, sikwenda.

Ninachowaomba ni hiki: aliyeumwa akili akapona, kapona, kama aliyeumwa malaria. Na wewe unayeficha yako, usibebe peke yako. Tafuta wa kumwambia. Ila mchague kwa moyo wake, undugu peke yake hautoshi.