Sare ya Mimi na Mkwe Melini

Msinicheke sana, au chekeni tu, maana aibu niliyoipata mbele ya mkwe wangu mtarajiwa hata nikiificha nyie mtaisikia kwingine. Mnajua mwanangu Deo anataka kuoa, na mama wa binti, Mama Upendo, alikuwa bado anagoma, alishasema wazi kwamba sisi wauza vyombo wa Kariakoo maneno mengi, ukweli kidogo. Nikasema huyu dawa yake ni kumtembeza. Nikatukatia tiketi kwenye meli ya kitalii iliyotia nanga bandarini, kubwa mpaka ukitoka chooni unaulizia njia, safari ya kutwa, mnazunguka baharini, mnakula, mnarudi.

Sasa mtu hatoki na mkwe bila sare. Nikapita dukani Kariakoo nikachukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye jora (kizuri jamani, zambarau yenye maua ya njano), nikashonesha magauni mawili, na mdomo wangu usiotulia ukamwambia, "Mkwe, hiki nimekiagiza Kongo, mji huu mzima tunavaa wawili tu."

Tunaingia melini, nani anatupokea? Foleni ya wahudumu, wote zambarau, wote maua ya njano.

"Mbona wamevaa kama sisi?" mkwe akauliza. Hapo ningesema ukweli yangeisha, lakini wapi! "Wametuheshimu, mkwe. Wageni maalumu huwa wanavaliwa sare." Na akaamini, akaanza hata kuwapungia mkono.

Hatujakaa, msimamizi akatupigia makofi. "Nyie wawili! Wageni wana kiu, mnasubiri nini?" Akampachika mkwe sinia la juisi, mimi nikabebeshwa sahani chafu. "Ndio utaratibu wao," nikamnong'oneza, "wageni maalumu wanawakaribisha wenzao." Basi mama wa watu, kiongozi wa kwaya, mwanamke ambaye hata mvua ikinyesha haharakishi, akazunguka na sinia lake, karibu, karibuni sana, mpaka mzee mmoja akamrudishia glasi akilalamika barafu haitoshi.

Mkwe akamgeukia mhudumu mmoja binti. "Mwanangu, hiki kitenge mmekitoa wapi?"

"Kariakoo, mama. Tulichukua karibu jora zima, kikabaki kipande tu."

(Nilitamani meli itoboke, mahali pangu peke yangu.)

Mkwe hakupiga kelele. Aliketi, akavua viatu, akaniambia, "Haya dada, niletee maji. Ya baridi." Nikaleta. Nikaleta na chakula, nikaleta na kitambaa cha kufutia mikono, kutwa nzima namhudumia yeye, na msimamizi akanisifia kwamba angalau mimi najituma.

Tuliposhuka bandarini roho ilikuwa juu, nikijua harusi ya mwanangu nimeizamisha kwa mdomo wangu. Mkwe akanipa mkono.

"Binti ataolewa, kijana wako hana kosa. Ila sare ya harusi nachagua mimi, na wewe utaletewa gauni limeshashonwa."

Tangu siku hiyo nimeapa, mkwe simdanganyi tena hata kuhusu hali ya hewa. Gauni lenyewe lilifika wiki iliyopita. Linanibana makwapani, rangi yake siipendi hata kidogo, na alipopiga simu kuniuliza nikamwambia ukweli wote. Akasema vizuri, ndivyo alivyotaka.