Mahali Peupe Ng'ambo ya Muthetheni

Bwana Ndolo, mkuu wetu katika ofisi ya ramani pale Machakos mjini, alitaka ramani ya malaria ya wilaya iende kwa mpiga chapa Ijumaa. Mchoraji nilikuwa mimi, na Jumatatu asubuhi nilimwambia kwamba sina imani nayo. Nilimwonyesha sehemu mbili. Milima ya Kathiani, ambako watu huvaa sweta mchana, ilikuwa nyekundu tupu, kwa maana vitabu vya zahanati vilisema malaria imejaa huko. Halafu huku chini, ng'ambo ya Muthetheni, kwenye joto na mabonde, palikuwa na kipande cheupe kabisa, hakina doa. Ukiiamini ramani yangu, mbu wote wa wilaya walikuwa wamehamia mlimani kupunga upepo.

"Vyandarua vitagawanywa kwa kufuata karatasi hii," nilimwambia. "Palipo peupe hapatapata hata kimoja."

Bwana Ndolo alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Alhamisi asubuhi uwe hapa, Rukia. Ukichelewa, inakwenda hivyo ilivyo."

Niseme kidogo nilikuwa nani wakati huo. Babu yangu alikuja Machakos kutoka pwani kuuza nguo, akapapenda, akabaki, nasi tukakulia nyuma ya msikiti tukisema Kiswahili nyumbani na Kikamba cha kuchezea nje. Wilaya nilikuwa naijua kwa kuichora tu. Jina la Muthetheni nilikuwa nimeliandika mara nyingi mno, lakini vumbi lake sikuwa nimelikanyaga.

Jumatatu, saa sita mchana, tuliondoka mjini kwa gari la ofisi. Nasema tulikuwa wawili, ingawa mwenzangu angesema watatu. Huyo mwenzangu ni Mutisya, mtaalamu wa maabara, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kwaya, na yeye ndiye aliyeshika usukani. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameikalisha hadubini yake, imefungwa mkanda.

"Dada, wewe kaa nyuma," aliniambia. "Huyu akianguka hakuna mwingine."

"Na mimi nikianguka?"

"Wewe utaamka."

Basi nilikaa nyuma na mkebe wa mahamri aliyonifungia mama, pamoja na kile kidude kipya tulichokiita jipiesi, kinachopokea habari kutoka setilaiti na kukwambia umesimama wapi duniani. Ilikuwa miaka michache baada ya mvua za elinino, na ofisi nzima tulikuwa nacho kimoja tu. Kila tulipopita kona nilikitoa dirishani kikaangalie mbingu, na Mutisya alicheka mpaka gari likayumba.

Saa nane tulifika kwenye zahanati moja juu ya Kathiani, katikati ya mashamba ya mahindi yaliyopandwa kwa ngazi. Muuguzi aliyeiendesha peke yake, Sista Kalondu, alitupokea kwa chai na kitabu kikubwa cha wagonjwa. Kila ukurasa ulikuwa na neno lilelile: malaria, malaria, malaria.

"Mtu akikuja na joto kali na kichwa kinauma, niandike nini?" aliuliza. "Sina maabara. Niko na kipimajoto na macho yangu."

Mutisya aliomba awapime damu wote wenye homa waliokuwa kwenye benchi siku ile. Hadubini yake ilikuwa ya kioo cha kunasa jua, haikuhitaji stima. Alichoma vidole, akapaka damu kwenye vioo, akavitia rangi, akangoja vikauke, kisha akainama mezani karibu na dirisha. Jua lilipokuwa linashuka aliinua kichwa akiwa na duara jekundu kwenye jicho.

"Mmoja tu," alisema. "Hawa wengine wana homa za kifua na mambo mengine. Mmoja tu ndiye ana malaria."

Sista Kalondu aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo nimekuwa nikidanganya kitabu?"

"Hapana, Sista. Kitabu kilikuwa hakina macho."

Alitabasamu kidogo, ila niliona hakufurahi. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko sisi. Alishajua kwamba wekundu ukiondoka, vyandarua vya mlimani vinaondoka nao.

Huyo mmoja aliitwa Kioko, mwanamume wa makamo mwenye mikono iliyopasuka kwa udongo. Nilimuuliza anafanya kazi gani.

"Ni matofali. Sikai hapa sana. Niko huko chini, Kwa Syombua, wiki mbili, kisha narudi nyumbani kuona watoto. Nikirudi ndio nashikwa."

"Kwa Syombua ni wapi?"

"Ukivuka mto ng'ambo ya Muthetheni."

Nilikunjua ramani juu ya benchi. Kidole chake kilitembea kwa uangalifu kutoka sokoni, kikavuka mstari wa buluu, kikatua katikati ya ule weupe.

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, baada ya kulala kwa dada yake Mutisya, tuliteremka. Ukitoka Kathiani unahisi joto likikupanda kuanzia miguuni. Migomba inapungua, miti ya miiba inaongezeka, udongo unakuwa mwekundu zaidi. Nilivua sweta, halafu soksi. Muthetheni tulifika siku ya soko. Nilijaribu Kikamba changu kwa mama mmoja aliyeuza ndengu, akaita wenzake wawili waje wasikie. "Sema tena, mwaitu," walinibembeleza, kwa kuniita mama, wakishikana mabega kwa kicheko, nami nikasema tena, nikapewa bei nzuri.

Saa nne gari lilikoma kwenye mto wa mchanga. Maji yalikuwa haba, ya kufika kwenye kifundo cha mguu, lakini mchanga ungeyameza magurudumu. Ikabidi twende kwa miguu. Mutisya hakukubali kuibeba hadubini mkononi, akaniomba leso yangu, akaifunga vizuri mgongoni kama mtoto mchanga, akakanyaga maji polepole.

Upande wa pili tulikutana na bibi aliyekuwa akiteka maji. Alimtazama Mutisya toka juu hadi chini, akafurahi sana.

"Mungu akubariki, baba. Wanaume wa kubeba mtoto ni wachache. Ana miezi mingapi?"

"Ni mzee, bibi," Mutisya alijibu akiwa amekaza uso. "Ana miaka kumi na miwili."

Yule bibi alituangalia kwa huruma mpaka tulipopotea kwenye kona. Nililazimika kukaa juu ya jiwe nipate pumzi.

Saa tano na nusu tulifika Kwa Syombua. Nyumba zilikuwa chache, zimesambaa kando ya bonde, na katikati yake mashimo: makubwa, madogo, mapya, ya zamani, yote ya kuchimbia udongo wa matofali, yote yana maji ya mvua iliyopita. Tanuri moja lilikuwa likifuka moshi. Mutisya alichota maji ya shimo kwa kikombe cheupe, akaniita. Viluwiluwi vilikuwa vimelala bapa juu ya maji, kama nukta za penseli.

"Hao ndio wenyewe, wa malaria," alisema kwa sauti ndogo. "Mbu wa aina nyingine, viluwiluwi vyao huning'inia vichwa chini."

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu, jembe begani. Aliitwa Mama Mwende, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliofyatua matofali pale. Tulisalimiana. Aliuliza tumetoka wapi, nikamwambia. Aliuliza kile kikombe ni cha nini, nikamwambia pia.

"Na ukishachora?"

"Watu wanaogawa vyandarua wataona kwamba hapa kuna malaria."

"Na watu wanaofunga mashimo, wataona pia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. Aliteremsha jembe. "Shule ya watoto ni matofali. Chumvi ni matofali. Ukitupaka rangi mbaya, watakuja kusema tuache. Ama umekuja kuniambia hawatakuja?"

Ningeweza kumwambia neno tamu. Nilitamani. "Sijui, Mama Mwende. Siwezi kukuahidi. Mimi naandika kilichopo."

Alirudisha jembe begani. Halafu alisema, "Afadhali umesema hujui. Njooni mkule."

Tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, nami nikafungua mkebe wa mahamri. Ndipo tulipoelewa siri ya ule weupe. Zahanati ilikuwa mbali ng'ambo ya mto. Wakienda huko, karani akiwauliza wametoka wapi, walitaja jina la sokoni, kwa sababu Kwa Syombua hakuijua na hakuwa na muda wa kuelezwa. Wanaume wa kutoka mbali, kama Kioko, waliugulia makwao. Homa za bonde lile zilikuwa zimeandikwa, tena kwa wingi, ila kila moja ilikuwa imeandikwa kwingine.

Tulipokuwa tukiongea nilisikia mtu akiguna chumbani. Mama Mwende alisema ni Nduku, mke wa mwanawe, mjamzito wa miezi saba, amelala siku ya tatu.

"Amezoea," alisema, lakini hakututazama.

Mutisya alikuwa ameshasimama. Alipima damu ya Nduku kwanza, kisha wengine waliokubali, meza ikiwa nje ya mlango kwenye jua. Alimaliza kuangalia kioo cha kwanza. Alimvuta Mama Mwende kwa mkono, akamwonyesha pa kuweka jicho.

"Unaona vipete vidogo, vya zambarau? Ndiyo malaria yenyewe."

Mama Mwende alishika magoti, akaangalia. Aliangalia kwa muda, akaondoa jicho, akarudisha tena.

"Ni vingi," alisema.

"Ni vingi sana. Mama, huyu asilale hapa leo. Yeye na mtoto."

Saa tisa alasiri tulikuwa njiani kurudi mtoni: Nduku katikati, ameshikiliwa na mama mkwe upande mmoja nami upande mwingine, Mutisya mbele na mzigo wake wa leso. Nduku alikuwa na joto ambalo nililihisi kupitia nguo. Kila baada ya hatua kadhaa tulisimama, naye alisema, "Twendeni, twendeni," kana kwamba sisi ndio tulikuwa tumechoka. Katikati ya mto alishindwa kuendelea. Mutisya aligeuka, akafungua leso, akanitia hadubini mikononi, akambeba Nduku mpaka ng'ambo. Sijawahi kushika kitu kwa hofu namna ile. Garini Nduku alikaa mbele, na ile hadubini ilisafiri mapajani mwangu.

Kwenye kituo cha afya huko Muthetheni alilazwa mara moja, akaanzishiwa dawa. Tulingoja mpaka daktari akatoka kutuambia kwamba mapigo ya mtoto yanasikika vizuri. Mama Mwende alikaa chini kwenye ngazi, akavua kitambaa cha kichwa, akajipepea. Kisha akaniita.

"Andika," alisema. "Wakija juu ya mashimo, nitaongea nao mwenyewe. Wewe andika."

Jumatano asubuhi tulimkuta Nduku amekaa kitandani, anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Mutisya alisema hiyo ndiyo dalili njema kuliko zote anazozijua. Siku nzima iliyobaki tulivuka tena mto, nikatembea bonde lote na jipiesi, nikihesabu mashimo na nyumba, akina mama wakinifuata na kunisahihisha. Jioni, matope yakiwa yamekaukia kwenye sketi yangu, tulishika njia ya Machakos.

Alhamisi, saa mbili, niliweka kazi yangu mezani kwa Bwana Ndolo. Milima ya Kathiani nilikuwa nimeipaka njano hafifu. Ng'ambo ya Muthetheni palikuwa pekundu.

"Kwa zahanati moja na bonde moja unataka nibadilishe ramani?"

"Nataka tubadilishe hapo tulipoangalia. Kwingine tuweke mistari, ili msomaji ajue hatujaangalia."

"Mistari itaonekana kama uzembe."

"Ni afadhali kuliko weupe. Weupe unasema hakuna malaria, na sisi hatukuwa tunajua."

Alipitia vioo vya Mutisya vilivyoandikwa majina, akasoma daftari langu. Kisha akauliza, "Huyu Syombua ni nani?"

"Wanasema ndiye aliyekuwa wa kwanza kujenga pale."

"Basi andika jina vizuri, lisomeke," alisema, akampigia simu mpiga chapa kumwomba siku nne.

Si wote waliofurahi. Sista Kalondu alikosa vyandarua, na nilipokwenda mwenyewe kumweleza alinipa chai ya baridi kidogo. Tuliandika barua ya kumwombea hadubini. Ilijibiwa, ila hadubini yenyewe ilichukua zaidi ya mwaka kufika. Kwa Syombua vyandarua vilifika kabla ya mvua.

Yaliyobaki kwangu kutokana na safari ile ni haya. Nilikuwa nimedhani kazi ya kuchora ni ya mezani, na kwamba anayekosea ni yule aliyeandika kitabu. Kumbe Sista aliandika alichoweza kuona, karani aliandika alichosikia, na mimi nilipaka rangi bila kuuliza mtu hata mmoja.

Miezi kadhaa baadaye Kioko alikuja ofisini, mzima, ametumwa na Mama Mwende. Nduku alikuwa amejifungua msichana, na wote wawili wazima. Tena, alisema, akina mama wamefukia mashimo yote ya zamani kwa matofali yaliyovunjika na udongo, wamepanda migomba, wamebakiza yale wanayochimba tu. Mama Mwende ameniomba nisiwasahau.

Kioko alipoondoka niliitoa ramani yetu, ya karatasi ya kung'aa, nikaangalia yale mashimo niliyoyahesabu moja moja. Nusu yake sasa yalikuwa migomba. Bwana Ndolo alinisikia nikicheka, akauliza kuna nini.

"Ramani imekosea tena," nilimwambia, "na safari hii nimefurahi."