Siku Tuliyosukuma Gari

Juzi pale Rwamishenye niliona vijana wakisukuma gari lililozimika, huku wakicheka. Nilisimama mpaka likawaka.

Neno hilo, kusukuma, nililijua kwa mikono kabla sijafundishwa Kiswahili shuleni. Mchana mmoja wa utoto wangu, kule kijijini Kaagya, walimlaza mama nyuma ya pikapu ya jirani apelekwe hospitali, amefunikwa kitenge, anapumua kwa shida. Gari likakataa kuwaka.

"Sukumeni," alisema dereva.

Udongo ulinukia mvua. Nilisukuma katikati ya wajomba zangu, na mmoja akanitania, "Tumwachie huyu peke yake, sisi tunamchelewesha." Injini iliponguruma niliamini ni nguvu zangu. Nikapiga makofi, nikasahau kumuaga mama.

Jioni wanawake waliingia nyumbani kwetu na mafungu ya nyasi mbichi, wakaanza kuzitandaza sakafuni. Mimi nilijua nyasi mpya hutandazwa mgeni akija. Sikujua kwamba waombolezaji nao hutandaziwa.

"Mama anarudi leo?" nilimuuliza shangazi.

"Anarudi," alijibu bila kuinua uso.

"Nitamwambia ni mimi niliyeliwasha gari."

"Utamwambia, mwanangu."

Nikachagua nyasi zilizo laini, nikazitandaza mahali mama alipozoea kukaa.