Ndoto Zilizomwagwa Chooni

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Bondeni hakuna aliyeonja chai kabla ya kuisimulia ndoto yake chooni. Nasema kweli! Ukiamka umeota, hufungui kinywa kwa mtu. Unaingia chooni, unaisimulia mle mle, unamwaga maji, imekwisha. Nyanya, aliyemzaa mamangu, aliamini ndoto huwa vile atakavyoijibu mtu wa kwanza kuisikia. Akisema heri, ni heri. Akisema msiba, tandikeni mikeka. Choo hakina mdomo, basi ndicho salama.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuota kila siku. Na wala sikuota majini wala nyoka, niliota maua: majani yanajisokota, mistari inakimbizana ukutani. Nikishayamwaga yale, sikumbuki hata jani moja. Ilinikera hadi nikalia. Hebu fikiria, kila asubuhi unaamka na kitu kizuri, halafu nyanya yako mwenyewe anakupeleka kukitupa, tena amekushika sikio!

Aliyezitaka ndoto zangu ni mama mdogo Zuhura, fundi wa hina. Wakati huo alikuwa na bibi harusi mkaidi, aliyekataa kila ua aliloonyeshwa. "Haya yako mikononi mwa kila mtu," alimwambia. Harusi ilikaribia, na Zuhura alishaarifiwa kwamba akikosa jipya ataitwa fundi mwengine.

Basi asubuhi moja niliamka nimeota mmea unachipuka katikati ya kiganja changu, unapanda hadi kwenye kiwiko, majani yake membamba yameangaliana. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeota?"

"Nimeota, na siendi."

"Weye! Nenda kabla sijakutia bakora."

"Siendi, Nyanya! Kila siku naenda, nimechoka!"

Nikampita mbio hadi jikoni, nikamwambia Zuhura yote kwa pumzi moja: mmea umechipuka mwilini mwangu. Zuhura akakunja uso, akafungua kinywa kujibu. Hakuwahi. Nyanya alimziba mdomo kwa kiganja, akapiga kelele, "Heri! Ni heri! Mjukuu wangu atasitawi!" Kisha akaketi juu ya mbuzi ya nazi, anatweta.

Ule mmea Zuhura aliuchora mkononi mwangu kwanza, na bibi harusi alipouona akasema huo huo.

Jioni Nyanya akaniita. Zamani, akaniambia, alimsimulia jirani ndoto yake ya sanduku. Jirani akacheka, akasema hilo ni jeneza. Mwana wa kwanza wa Nyanya hakuumaliza mwezi ule. Tangu hapo hakuuamini mdomo wa mtu yeyote, hata wake mwenyewe.

Leo mimi ndiye fundi wa hina, na maua yangu mengi hunijia usingizini; huyachora kabla sijanawa uso. Nyanya ameshatangulia, Mungu amrehemu. Lakini hasira haijaniisha, nidanganye kwa nini? Maua mangapi yalikwenda na maji! Na yote kwa sababu aliubeba msiba wake peke yake miaka yote ile, akaona bora anivute sikio kuliko kuniambia kwamba anaogopa. Si angesema tu! Nilikuwa mdogo, lakini kuogopa nilikuwa nakujua. Ningekwenda chooni mwenyewe, kila asubuhi, ili moyo wake utulie.