Chapa Kwenye Ukingo wa Sabili

Sabili ya mtaani kwetu Garsen ilijengwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kufa: tangi la mawe, mifereji miwili, na chini yake birika refu la kunyweshea mifugo. Maji yake hayakuuzwa kamwe. Mwaka uliofuata mafuriko ya Elinino tuliamka tukakuta wahuni wameng'oa mifereji ya shaba na kuupiga nyundo ukingo wa birika. Niliumia kama niliyetukaniwa mzazi.

Fundi mwashi ni mimi, kazi ikawa yangu. Mifereji mipya ikaletwa kutoka Malindi. Ukingo niliukuta umejaa mikwaruzo, nikailaani mikono iliyouchora. Nikaziba yote kwa saruji, nikalainisha kwa mwiko. Majirani walipita wakisema, "Fundi, una mkono wewe!" Nami nikavimba kichwa, sitaficha.

Siku ya kufungulia maji alikuja mama mmoja wa Kiorma, muuza maziwa, mjane wa mfugaji. Hakuyatazama maji. Alipitisha kiganja ukingoni, akarudi, akapitisha tena.

"Iko wapi ile ya mzee yangu?"

"Ipi, Mama?"

"Chapa ya ng'ombe yake. Alikata hapa na kisu, siku walileta mawe."

Ndipo nilipoelewa. Huku kwetu ni udongo mtupu. Mawe yale yalitoka mbali kwa migongo ya punda, na kila mfugaji aliyeyaleta alichonga chapa ya mifugo yake. Wahuni walivunja. Aliyefuta ni mimi. Na ng'ombe wenye chapa ile walikwenda na mafuriko, pamoja na kaburi la mwenyewe. Niliona haya hata nikashindwa kumtazama usoni.

Nikashika patasi nikaigonga saruji. Iling'oka na uso wa jiwe, chapa ikaenda nao. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu hakunisubiri nizeeke.

Mama akachuchumaa, akachora kwa kidole mchangani: duara, mstari, mkia mfupi. Nikaichonga upya palepale, yeye akinigusa kiwiko kila nilipokosea. Nilipomaliza akaipapasa kwa muda mrefu.

"Chapa ni yake," akasema. "Mkono si yake."

Kisha akakinga maji ya mfereji kwa kiganja, akaiosha vumbi la patasi yangu.