Mkono wa Kushoto

Namshukuru Mungu kwamba amenipa umri wa kutosha kuona makosa yangu kwa utulivu. Moja ni hili la mkono wa kushoto, na hadi leo vijana wa skauti wakipita barabarani na skafu zao shingoni, hunirudia.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi. Nilikuwa mwalimu hapa Tunduma na kiongozi wa kikosi cha skauti cha shule yetu. Mdogo wa mwisho wa mke wangu, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa akiishi kwetu ili asome. Kwao ni Hasamba, kwa baba yao mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa ambaye neno lake halikurudiwa mara mbili.

Binti huyu alikuwa wa kwanza katika shule yetu kufikia beji kubwa kuliko zote. Alikuwa amefaulu huduma ya kwanza na kusoma ramani. Aliwasha moto kwa njiti mbili siku ya manyunyu, na kwa miezi mitatu alimchotea maji bibi mjane aliyekaa karibu na mpaka. Nani angesema hakustahili? Hata hivyo wavulana wa kikosi walisema. Waliiita "beji ya ukoo." Akipita walimwambia, "Shemeji wa mwalimu, tuombee na sisi."

Aliyepata beji ile alipata pia nafasi ya kwenda kambi ya kitaifa Morogoro. Alikuwa hajawahi kuvuka Mbeya. Lakini baba yake alikuwa hajakubali. Mtoto wa kike kuvaa kaptura na kulala hemani, mzee hakuelewa hilo linamjenga vipi. Alisema atakuja siku ya kuvishwa beji, aone kwa macho yake, kisha aamue. Safari yote ya yule binti ikawa imening'inia kwenye siku hiyo moja.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: mzazi anaitwa mbele, skauti anampigia saluti, anampa mkono, kisha mzazi anamvisha beji. Na skauti hutoa mkono wa kushoto, ulio upande wa moyo. Nilikuwa nimewafundisha hivyo kwa miaka, tena kwa ukali. Aliyekosea nilimrudisha nyuma ya mstari.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe ndipo nilipomwona mzee akilini mwangu, amesimama mbele ya shule nzima, na mwanawe anamnyooshea kushoto. Kwetu hata chumvi hupokei kwa mkono huo. Nikafikiri kubadili utaratibu siku hiyo, kisha nikasikia masikioni mwangu, "beji ya ukoo." Ningelegeza kanuni kwa shemeji yangu tu, wavulana wangekuwa wamesema kweli.

Dawa ilikuwa kumweleza mzee mapema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini mkwe haambiwi jambo zito uso kwa uso. Anapelekewa mshenga, yule yule aliyekuombea mke. Mshenga wangu alikuwa mzee mcheshi, mnunuzi wa mazao pale Mlowo. Nikamtuma. Siku chache baadaye akapita Tunduma, akaniambia, "Ujumbe nimeufikisha, mwalimu. Mzee hana neno." Nikalala usingizi mzuri.

Jumamosi ya kuvishwa beji mzee alikuja na basi la asubuhi, amevaa koti lake la Jumapili. Alipoitwa alisimama mbele ya meza ya beji, amenyooka kama nguzo. Binti akaja kwa hatua zile tulizozifanyia mazoezi, akapiga saluti. Nikaona uso wa mzee unalainika. Ilimpendeza. Akaandaa mkono wake wa kulia. Binti akashusha saluti, akatoa wa kushoto.

Mzee aliutazama ule mkono. Hapo hapo nikajua kwamba hakuwa ameambiwa kitu.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao, nimekakamaa kwa heshima ya bendera, na shule nzima imenyamaza. Ningeweza kusema, "Baba, ndivyo skauti wanavyosalimiana." Mdomo haukufunguka. Mbele yangu alikuwa mkwe, nyuma yangu wavulana, na katikati mtoto aliyekuwa akinitazama kwa pembe ya jicho, mkono wake bado uko hewani. Alikuwa akingoja niseme abadilishe au aendelee. Sikusema. Aliendelea kuunyoosha kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

Mzee hakugomba. Aliirudisha mikono yake nyuma, akaiacha beji mezani na kwenda kukaa. Jioni ile alipanda basi la kurudi pamoja na binti yake. Mke wangu aliwasindikiza hadi stendi.

Gari la kambi lilikuwa linaondoka Jumatano. Ningesema nilikuwa mvumilivu, maana ndivyo nilivyojisifu kimoyomoyo. Nilimngoja mshenga, kwani bila yeye ningeendaje? Naye alikuwa ameshuka Momba kununua mpunga. Jumapili niliomba kanisani. Jumatatu na Jumanne nilifundisha huku jicho langu liko barabarani, na beji iko mfukoni mwa shati. Jumatano gari liliondoka, nafasi moja tupu.

Mshenga alirudi Alhamisi. Nilipombana akainamisha kichwa. Alikuwa amemwambia mzee kwamba mwanawe atampa mkono, basi. "Ningeanzaje, mwalimu? Nimwambie mzee kama yule kwamba mwanawe atampa kushoto?" Sikumlaumu. Woga wake na wangu ulikuwa mmoja. Wangu ulikuwa umetanguliza mtu mwingine mbele.

Ijumaa nilikwenda Hasamba peke yangu. Nilimkuta mzee kwenye kichanja akigeuza kahawa, binti yake akichambua zilizooza, amevaa gauni la shamba. Nilichuchumaa, nikapiga makofi ya salamu, kisha nikasema yote, kuanzia mkono wa upande wa moyo hadi ile sentensi iliyonishinda. Alikuwa bado anageuza kahawa.

"Katika Maandiko, kushoto wanasimama mbuzi, wale wanaoambiwa waondoke," alisema mwishowe. "Nilidhani mwanangu ananiaga."

Akaacha kugeuza kahawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimtuma mshenga, baba."

"Mshenga nilimpokea alipokuja kuniomba binti. Ulishapewa. Miaka tisa uko ndani ya nyumba yangu, mwanangu, bado unabisha hodi?"

Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, na nimehubiri baadhi yake. Hakuna lililoniingia kama hilo. Heshima niliyoishika kwa miaka tisa nikidhani ni mlango, mzee aliiona ukuta.

Akauliza kambi inaanza lini. Nilimwambia gari limeondoka juzi. Binti aliinamisha uso kwenye kahawa, vidole vyake vikaendelea kuchambua. Mzee alimtazama. Kisha akapangusa mikono kwenye suruali na kuniomba beji. Nilimpa kwa mikono miwili.

Akamwita bintiye. Alimvisha pale pale, juu ya gauni la shamba, vidole vyake vinene vikihangaika na pini.

"Imepinda, baba," binti alisema.

"Iache hivyo hivyo."

Wala hakunyoosha mkono, si wa kulia wala wa kushoto. Alimshika mwanawe begani kidogo, akarudi kwenye kichanja. Jumatatu binti alikuwa tena darasani Tunduma. Morogoro hakufika mwaka ule, na mwaka uliofuata umri ulikuwa umempita. Hajawahi kunilaumu. Mimi kila nikimwombea, naanzia hapo.