Kila Nikikasirika, Soda

Mimi ni fundi cherehani, na tangu nianze kujidunga insulini sijawahi kukasirika. Waulize nyumbani kwangu. Nikimfokea mume wangu kwa kuchelewa, sukari imeshuka. Nikimkumbusha binti yetu vyombo, sukari imeshuka. Binti huyo anakuja mbio na soda ya kuipandisha, na nikiikataa, eti hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Ubaya ni kwamba wakati mwingine ni kweli. Sukari ikishuka napandwa na mori bila sababu. Siku moja nilimtupia mteja gauni lake usoni kwa kuuliza tu litakuwa tayari lini. Akili iliponirudia nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Tangu hapo, jamani, hata mimi nikikasirika najitoboa kidole kwanza, nipime, nijue kama hasira ni zangu.

Sasa mume wangu akaja na lake: chumba cha mbele, ninamoshonea, apewe mdogo wake aliyefukuzwa alikopanga. Cherehani ihamie jikoni, kwenye mvuke na mafuta. Nani ataleta kitambaa cha harusi kishonewe kando ya sufuria? Chumba kile ndicho kinachoniletea wateja. Kikienda, nimekwisha.

Jana asubuhi tukaketi tulimalize. Nilikuwa nimeshajidunga, lakini chai ilinishinda, roho ilikuwa juu juu. Nikaanza kusema polepole, kistaarabu, neno moja moja. Katikati nikahisi jasho linatambaa mgongoni na mikono inatetemeka. Ndiyo yenyewe: sindano bila chakula, sukari imeshuka. Peremende ninazo mfukoni, lakini nikitoa moja tu nimejimaliza, watasema mnaona? Nikaificha mikono chini ya meza. Shemeji alikuwa ameshasimama mlangoni na godoro lake.

"Unakubali au hukubali?" mume wangu akauliza.

"Sikubali." Ulimi ulikuwa mzito.

Akaliangalia jasho usoni kwangu, kisha akamwambia binti yetu, kwa upole kabisa, "Mletee mama soda. Hajijui huyu."

Nikanywa. Ningefanyaje, nife? Nikakaa nikingoja macho yatulie, huku nasikia cherehani yangu ikiburutwa sakafuni. Akili iliporudi yote, nikasimama, nikamwambia mume wangu kwa sauti safi kwamba sikubali.

Akamgeukia binti. "Mwongezee," akasema.